Mmea wa Kivulini kwa Mama Furaha

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kilimo sasa, mkitumwa Turkana mtaambiwa na kila mtu kwamba bahati yenu imeishia hapo. Watasema kule hakuna shamba, kuna mchanga na mbuzi. Msiwabishie. Nendeni, na mkifika tafuteni penye kivuli. Mimi nilizaliwa Lopur, nikafanya kazi Lodwar miaka mingi, nikamalizia Kakuma, na karibu kila kisa kilichonitia jasho kilianzia kivulini. Kwenye jua la kwetu mmea mgeni hufa mapema, yakaisha. Lakini palipo na bomba linalovuja, au maji ya kuogea yanayopenya chini ya ukuta, na mwarobaini umeinama hapo juu, huota kitu ambacho hakuna aliyekipanda na hakuna anayekijua jina. Na watu wakiona kitu wasichokijua jina hawauchunguzi mmea. Wanaanza kuchunguzana wao kwa wao, nani amekileta na ana nia gani.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Barasa, mtu wa Busia aliyeletwa Lodwar na serikali akiwa kijana, akasahauliwa huko mpaka ndevu zikawa nyeupe. Alishuku kila kitu. Ukimletea jani mezani hakuulizi ni jani gani. Anakuuliza umelitoa wapi, nani alikuwa amesimama karibu, na kwa nini hukuja na shina. Ukimwambia, "Mzee, wenyeji wanasema ni mboga," anakutazama juu ya miwani.

"Wenyeji gani? Walikula wenyewe, au waliambiwa kuna mtu alikula?"

Alikuwa na tabia moja ambayo nawakataza kabisa msiige, nayo ni kuonja. Siku moja karani mmoja alileta ofisini mmea wa kupandwa chunguni kutoka Kitale, majani makubwa yenye madoadoa meupe, akauweka kwenye kivuli cha baraza. Barasa hakuujua. Akakata kipande cha jani, akakitafuna mbele yetu, na kabla hajatema ulimi ulikuwa umeanza kuvimba. Alasiri hiyo alikuwa aongoze mkutano. Akauongoza kwa mikono tu, kwa kuonyesha nani aseme na nani anyamaze, na ukaisha mapema kuliko mkutano wowote tuliowahi kukaa. Wakubwa walimsifu sana. Tangu hapo alinifundisha kunusa badala ya kuonja, na hata kunusa kwenyewe nifikiche jani ndani ya karatasi, nisilishike kwa vidole.

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba kivuli hudanganya. Mmea mnaoujua barabarani, mfupi, mgumu, majani madogo yaliyotobolewa na wadudu, mkiuweka kivulini penye maji utarefuka ukitafuta mwanga. Majani yatapanuka, yatakuwa laini na mororo, meno ya pembeni yatapungua, rangi itafifia. Mtu anayeuona kila siku akienda kisimani atapita karibu nao asiutambue. Kwa hiyo msitambue mmea wa kivulini kwa ukubwa wa jani. Angalieni jani linavyoshikana na kikonyo, shina linavyogawanyika, ua linatokea wapi. Hayo hayabadiliki upesi.

Pale Lodwar mkubwa mmoja alikuta mmea nyuma ya tangi lake la maji, kwenye pembe ambayo jua halifiki. Majani yamegawanyika kama vidole. Akasema ni bangi, na aliyeipanda ni mlinzi wake. Nilipofika mlinzi alikuwa tayari amekalishwa chini getini, amevuliwa viatu. Nilifikicha jani, likatoa utelezi kama wa bamia. Bangi haina utelezi huo. Nikamwomba mkubwa asubiri mmea utoe ua, na ulipochanua kumbe ulikuwa karkade, ile ya chai nyekundu. Mpishi wa zamani wa nyumba ile, mtu wa Sudan Kusini, alikuwa akimwaga machicha ya chai hapo pamoja na mbegu zake. Mlinzi akarudishiwa viatu. Hakuna aliyemwomba radhi, na haukupita muda akaacha kazi. Nilimwona baadaye sokoni, nikamsalimu, "Ejok." Aliitikia bila kunitazama, kama vile hata mimi niliyemtetea nilikuwa mmoja wao.

Kisa cha mlinzi ndicho kilichokuwa kichwani mwangu siku niliyoitwa kwa Mama Furaha, na ndicho hasa nilichotaka kuwaeleza.

Nilikuwa Kakuma, nakaribia kustaafu. Asubuhi moja Daktari Mutua wa zahanati akanipigia simu. Huyu ni kijana wa Kitui, mtulivu, hapendi maneno mengi.

"Madam Akiru, nina mtoto hapa. Mboni za macho zimepanuka, mdomo umekauka, mwili unachoma, na anawaita mbuzi ambao hawapo. Ndugu wanasema amepewa sumu na mkimbizi. Mimi nadhani amekula mmea. Wanasema kuna mmea uani kwa huyo mama, hakuna anayeujua. Nenda uuone kabla hawajaung'oa."

Nikapanda bodaboda.

Mama Furaha alikuwa Mkongomani wa Kivu, amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, nyumba yake iko pembezoni, karibu na upande wetu wenyeji. Nyuma ya nyumba maji ya bomba la jirani yalipita kwenye mfereji, naye akayageuza yaingie kwenye kibustani chini ya mwarobaini. Hapo alilima lengalenga, yaani mchicha, na akauza mafungu mlangoni. Nilimfahamu. Nilikuwa nimemletea mbegu siku za nyuma.

Mtoto aliyelazwa aliitwa Asekon, binti wa Nakiru, Mturkana mwenzangu. Nakiru alikuwa mfugaji mpaka ukame ulipomaliza mifugo yao, akahamia karibu na kambi. Alimfulia nguo na kumtekea maji Mama Furaha, naye akapewa unga au maharagwe. Wanawake wengi wa kwetu hufanya kazi hiyo, na wengi huifanya wakiona uchungu kimoyomoyo, kwa sababu nchi ni yao na chakula kiko kwa mgeni.

Nilikuta uani kumejaa watu. Upande mmoja wamesimama ndugu zetu, mbele yao Lokwang, kaka yake Nakiru, fimbo mkononi. Upande wa pili wakimbizi wa bloku ile ya kambi, na mwenyekiti wao, mzee wa Kikongo aliyevaa kofia ya sufu juani. Katikati ni bustani, na kwenye pembe yake ya ndani kabisa, ukutani, palipokuwa na giza la kijani, ndipo uliposimama mmea wenyewe. Ulinifika kifuani. Majani mapana, laini, rangi ya kijani isiyoiva.

"Madam, wewe ni mtu wetu," Lokwang akaniambia kwa Kiturkana, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Angalia hiyo kitu. Huyu mama amepanda. Mtoto anakuja hapa na mama yake kila siku. Amepewa chakula hapa."

"Nani alimwona akipewa?"

"Atakula wapi kwingine? Kwetu kuna nini ya kula?"

Mama Furaha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono katikati ya magoti.

"Miye sikumupa mutoto kitu," akasema. "Na ile muti sikuipanda. Ilijiotea yenyewe."

Kijana mmoja alikuwa ameshaupiga picha kwa simu, na simu ikamwambia ni biringanya. Akanionyesha kwa fahari. Siyo kwamba nazidharau simu, nami ninayo, na hiyo haikuwa imekosea sana, maana mimea hiyo miwili ni ya jamaa moja. Lakini simu haikuweza kunusa. Nilirarua kipande kidogo cha jani ndani ya karatasi, nikakifikicha, nikasogeza pua. Harufu nzito, ya kuchefua, kama panya aliyekufa nyuma ya kabati. Nikaangalia jani linapoungana na kikonyo. Upande mmoja ulianzia juu, mwingine chini, pande hazikulingana. Nikatazama shina lilipogawanyika mara mbili kama panda ya manati. Hapo katikati ya panda palikuwa na tumba refu la ua, limejikunja, bado limefungwa.

Moyoni nilikuwa karibu nina hakika kuwa ni mmea wa sumu. Nikatoka nje ya ua, nikampigia Mutua.

"Bado sijauona ukichanua," nikamwambia, "lakini wewe mtibu kama aliyekula mnanaha. Usingoje neno langu la mwisho."

"Ndivyo nilivyodhani. Nimemweka chumba chenye giza, mwanga unamuumiza macho."

Sikilizeni hapa, maana baadaye wenzangu waliniuliza kwa nini nilimwambia daktari jambo moja na watu uani jambo jingine. Daktari akikosea kwa kushuku zaidi, mtoto hapotezi kitu kikubwa. Wale waliosimama na fimbo wakikosea, kuna mtu angeumia siku ileile. Kwa hiyo niliporudi ndani niliwaambia kwamba mmea siwezi kuutaja mpaka ua lifunguke, na tumba hili litafunguka jua likianza kutua. Asiuguse mtu yeyote.

"Unamficha," Lokwang akasema.

"Simfichi. Nitakaa hapahapa mpaka jioni. Nawe kaa."

Akakaa. Mwenyekiti naye akakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, kila upande ukihofia mwingine utabaki peke yake na ule mmea.

Sasa nilikuwa na saa nyingi za kuangalia, na kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyomshuku Mama Furaha mwenyewe. Alikuwa amesema mmea ulijiotea. Lakini udongo uliouzunguka ulikuwa umetifuliwa. Kulikuwa na jivu limenyunyizwa pale chini, kama tunavyowafundisha kuzuia wadudu. Vijiwe vilikuwa vimepangwa ili maji yatulie kwenye mizizi. Mmea wa kujiotea haupangiwi vijiwe. Nikamtazama, akajua nimeona, akageuza uso.

Nilipata wazo baya, siwafichi. Nilifikiri labda ndugu zangu wana haki. Nimeona watu wakifuga vitu vya ajabu kwa sababu za ajabu.

Mchana nilimwacha mwenyekiti na Lokwang wakiulinda ule mmea, kila mmoja akimlinda mwenzake, nikaenda zahanati kumwona mtoto. Asekon alikuwa amelala kwenye chumba chenye pazia, akichezesha vidole hewani kana kwamba anakamua. Nakiru alikuwa ameketi kitini karibu yake, shanga shingoni, shuka imemfunika mabega.

"Ejok, Nakiru."

"Ejok."

Alikuwa na chupa ya maji mkononi, na nyingine tupu chini ya kiti. Nilipofungua pazia kidogo ili nimwone mtoto vizuri, Nakiru alifumba macho haraka na kuweka kiganja usoni. Nikalirudisha pazia. Nikasogea, nikamwomba anitazame. Mboni zake zilikuwa pana kuliko zilivyopaswa kuwa, si kama za mtoto, lakini pana.

"Nakiru, na wewe umekula?"

"Sijakula."

"Mdomo umekauka."

"Ni jua."

"Uko kivulini tangu asubuhi."

Akafungua chupa akanywa. Sikumsukuma. Lakini nilirudi uani kwa Mama Furaha nikijua kwamba chungu kilichomdhuru mtoto kilimfikia na mama yake pia. Kwa hesabu ya Lokwang, Mama Furaha alimlisha mtoto kwa siri. Je, alimlisha mama kwa siri pia, na mama anamkinga? Au chungu hakikuwa kwake hata kidogo?

Nilirudi kwenye bustani, na safari hii sikuutazama mmea peke yake. Nikatazama na lengalenga pembeni yake. Kila shina lilikuwa limekatwa kwa kisu, mshazari, juu kidogo ya jicho, ili lichipue tena. Kazi safi, mstari baada ya mstari. Ndivyo anavyovuna mtu anayeuza mboga, maana akikata vibaya wiki ijayo hana cha kuuza. Kisha nikaenda kwenye ule mmea mkubwa, nikainua majani ya juu moja moja kwa kijiti. Vikonyo kadhaa vilikuwa vimenyofolewa. Havikukatwa. Vilivutwa kwa vidole kuelekea chini, vikaacha kamba ya ganda imening'inia. Na miongoni mwa lengalenga, upande wa ndani usioonekana kutoka mlangoni, mashina machache nayo yalikuwa yamenyofolewa hivyohivyo. Mbuzi hang'oi hivyo, hurarua na kuacha nusu ya jani. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, na haukuwa mkono wa Mama Furaha.

Nikamvuta Mama Furaha kando ya ukuta.

"Mama Furaha, vijiwe hivi umeweka wewe."

Alikigusa kijiwe kimoja kwa kidole cha mguu.

"Ni miye," akasema mwishowe. "Nilitupaka takataka ya jikoni pale, na samadi ya mbuzi niliyoletewa. Ile muti ikaota. Nikaona majani yake, nikasema ni nyanya chungu, ile ya kwetu. Miaka yote niko hapa sijaionja. Nikaitunza. Nilikuwa nangoja izae. Sasa mutoto anagonjwa, ningesemaje kama niliitunza? Wangeniua."

"Majani yake uliyachuma?"

"Nyanya chungu tunakula matunda. Majani ya nini?"

Niliamini. Lakini niliamini nusu, kwa sababu asubuhi alikuwa amenidanganya akinitazama machoni.

Jua lilipoanza kushuka upande wa laga, ule mto mkavu, watu wakajaa tena. Nakiru naye alikuja. Mutua alikuwa amemwambia mtoto anaanza kutulia, akamruhusu aende kuchukua nguo. Alisimama nyuma ya kaka yake, ukingoni.

Tumba likaanza kulegea. Kama hamjawahi kuliona ua la mnanaha likifunguka, hulegeza mikunjo yake polepole kama mwavuli, na likiisha kufunguka linakuwa kama tarumbeta nyeupe. Lilikuwa zuri. Watu walisogea bila kutaka.

"Huu ni mnanaha," nikasema. "Mmeuona wote, uko barabarani kwenda Lopur, kwenye maboma yaliyohamwa. Huko ni mfupi kwa sababu ya jua. Hapa umenenepa. Mbegu imekuja na samadi. Jani lake, mbegu yake, vyote ni sumu, hata ukipika."

Minong'ono ikapita. Lokwang akainuka.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli ni sumu. Lakini majani yamechumwa kwa vidole, na mwenye bustani huchuma kwa kisu. Njoo uone."

Akaja. Nikamwonyesha shina moja la lengalenga na kikonyo kimoja cha mnanaha. Ni mfugaji, na mfugaji huliangalia jani lililoliwa kama mnavyoangalia nyinyi gazeti. Hakuhitaji maelezo. Alisimama pale ameinama, na nikaona mabega yake yakibadilika. Hakugeuka kumtazama dada yake. Sasa alikuwa anaogopa kugeuka.

Sikumtaja mtu. Nawaambia ukweli, sikujua kama ningetaja. Nilikuwa na mboni za Nakiru kichwani na nilikuwa na yule mlinzi wa Lodwar, na ulimi ulikataa.

Mama Furaha ndiye aliyesema. Alikuwa amemtazama Nakiru, naye ameelewa kabla yetu sote.

"Ni miye nilimuambia achume," akasema. "Nilimuambia, Mama Asekon, chuma mboga pale nyuma. Sikumuonyesha ya kuchuma. Kosa ni yangu."

Mwenyekiti wa bloku akashika kofia yake. Kwa maneno hayo mama wa watu alikuwa amejitia yeye mwenyewe mikononi mwa wenye fimbo.

"Hapana," Nakiru akasema.

Alitoka nyuma ya kaka yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu bado kwa ile sumu, na kila mtu ilibidi anyamaze ili amsikie.

"Huyu mama hakuniambia. Alikuwa ameenda foleni ya chakula. Mimi nilikuwa nafua. Nikachukua mboga yake kidogo, hii ndogo. Nikaona nikichukua nyingi atajua, yeye anajua kila moja. Ile kubwa hakuna mtu alikuwa anakata. Nikasema, nikitoa kwa hii hatajua. Nikapika kwangu. Watu waliposema ni yeye, mimi nilinyamaza."

Mama mmoja wa Kikongo alianza kucheka kidogo, kile kicheko cha hofu ikiisha, wakamnyamazisha.

"Ulikuwa na njaa?" Mama Furaha akauliza.

Nakiru akavuta shuka akajifunika uso. Nadhani lile swali lilimuumiza kuliko fimbo ya kaka yake ingemuumiza.

Lokwang aliuendea mmea akaushika shina kwa hasira aung'oe. Nikamwambia aachie, avae mifuko ya plastiki mikononi kwanza na asijiguse machoni. Akatii kama mtoto wa shule. Akaung'oa na mizizi yake yote, tukauchimbia shimo mbali na bustani, tukauzika tukashindilia udongo. Msiuchome mnanaha mahali penye watu, moshi wake nao haufai. Kisha nikapekua kile kivuli chote kwa kijiti, nikapata miche mingine midogo ikijificha katikati ya lengalenga. Mmoja ulikuwa na majani mawili tu. Huo ndio ulioniogopesha zaidi, kwa sababu ungechumwa na Mama Furaha mwenyewe, kwa kisu chake, ukauzwa mlangoni.

Asekon alipona. Aliporudi nyumbani hakukumbuka mbuzi wowote.

Mtapenda niwaambie kwamba wale wanawake walikumbatiana. Sikuona hivyo. Nakiru hakuja kufua kwa muda mrefu, na Mama Furaha alitafuta mwingine, kisha huyo naye akaacha kazi kwa sababu Mama Furaha alikuwa akimhesabia mashina ya mboga kila jioni. Alikuwa mtu mkarimu, lakini baada ya siku ile hakuweza kujizuia. Nakiru naye, nilisikia, alipika ugali mtupu wiki nyingi. Hata mboga ya sokoni hakuigusa.

Mimi nikawa napita pale kila nilipopata nafasi, kwa kisingizio cha kukagua miche. Kwa Nakiru nilipita pia. Nilimbebea majani ndani ya gazeti, la mchicha, la mnavu, la kunde, la mnanaha, nikamfundisha kuyageuza, kutazama kikonyo, kunusa. Alijifunza upesi. Watu wa mifugo wana pua. Siku moja akasukuma gazeti pembeni akasema, "Twende kwa yule mama. Nataka kuona ya kwake."

Tulimkuta Mama Furaha akipika. Hakuonyesha kushangaa. Aliacha sufuria, akatutembeza kibustani chote, Nakiru akitaja kila mmea kabla ya kuambiwa, akiinama kila penye kivuli. Pale pembeni ukutani alichutama muda mrefu. Hapakuwa na kitu, lakini alifukua udongo kwa kidole kuhakikisha. Mama Furaha akamwacha afukue.

Kisha akaleta lengalenga kwenye sahani moja, na ugali, tukakaa watatu chini ya mwarobaini. Nikanawa mikono. Nakiru akanawa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama Furaha alitutazama, kwanza Nakiru, halafu mimi. Akamega ugali, akachota mboga nyingi kuliko tonge linavyoweza kubeba, akatia mdomoni. Nakiru alikuwa akilitazama koo lake. Lilipopanda na kushuka, akangoja kidogo, ndipo naye akamega. Mimi nilikula wa tatu.